Binti wa korali alizaa bila kuolewa: nitamupenda aje bila kumuhukumu?

SWALI

"Shalom mwalimu. Niko mama wa korali, hapa kwetu Kadutu, Bukavu. Kuko binti moja nilimupokea mu korali akiwa mutoto wa miaka kumi na miwili, nilimufundisha kuimba mpaka akakuwa sauti ya kwanza. Alikuwa anamaliza masomo ya sekondari, akapata mimba, Egzeta, ule mutihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hakufanya. Komite ikasoma jina lake mbele ya kanisa siku ya yenga, akatolewa ku korali na ku meza ya Bwana. Kijana tunamujua, anapigaka gita ku kanisa yetu, na mpaka leo iko napiga. Sasa mutoto amezaliwa na mama ya binti ananiomba nikuje kumuona. Wenzangu wanasema nikienda nitaonyesha kama nimekubali dhambi. Na kuko kitu sijaambia mutu: siku nilisikia ile habari niliumia, lakini pia nilisikia raha kidogo, juu mama yake alikuwa anatuvimbia sana na ule binti wake. Yesu alisema tusihukumu, maana yake tunyamazie kila kitu? Nitamupenda aje bila kumuhukumu, na bila kuonekana naunga mukono mambo yake?"

JIBU

Mama, shalom kwako na kwa korali yote. Jibu fupi ni hili: enda umuone mutoto, usiende mikono mitupu, na usingoje giza iingie njo upite. Wenzako wakikuona, wakuone. Jibu refu litakuwa refu kweli, juu mu barua yako kuko maswali mengi yameshikana na nikijibu moja tu nitakuwa nimekudanganya.

Nianze na kile kitu unasema hujaambia mutu, ile raha kidogo. Watu wengi wakiniuliza juu ya kuhukumu wanaanzaka na binti, alivaa nini, alionekana wapi na nani, saa ngapi. We ulijiangalia mwenyewe, na minakuambia ukweli, mu barua yote ile njo mustari wa maana zaidi, juu hukumu ile Yesu alikataza haianzaki ku mudomo, inaanza pale ku ile raha. Soma Luka 18, mufano wa Farisayo na mutoza ushuru. Sisi tunakimbiliaka ku maombi ya Farisayo, tunamucheka, tunasema asante Mungu mi siko kama Farisayo, na hapo tumeisha kuomba maombi yake. Lakini angalia mustari wa 9, Luka anasema mapema ule mufano uliambiwa nani: "watu waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote". Mambo mawili yamewekwa pamoja, kujikinai na kuzarau, na yanatembeaka pamoja siku zote, juu haki ya kujitengenezea haiwezi kusimama yenyewe, inataka mutu wa chini wa kulinganisha naye. Na ule Farisayo hakuwa mwongo. Alifunga mara mbili kwa juma kweli, wakati sheria ya Musa iliomba siku moja tu kwa mwaka, siku ya Upatanisho. Alitoa zaka kweli. Kitu kilimuharibia ni kwamba amesimama hekaluni anaongea na Mungu, macho yakamutoka kwa Mungu yakaenda kwa ule jamaa aliyesimama nyuma.

Sasa pima ile raha yako vizuri. Uzinzi haukukupa raha. Kilichokupa raha ni kuona mama fulani ameshushwa kichwa. Maana yake ndani ya roho yako ule binti alilipishwa deni ya mama yake, na yeye hata hajui kama deni ilikuwako. Hauko peke yako, mama. Mu makanisa yetu hukumu nyingi ziko vile, tunasema tunatetea utakatifu wa Bwana, kumbe chini yake kuko kesi ya kiwanja, kuko pesa ya likelemba, ile ya kuchangiana kwa zamu, ambayo haikurudi, kuko mutu alikataa kuoa binti yako akaoa wa jirani. Siku ile mutu anaanguka tunapata nafasi ya kulipisha yote mara moja, tena tukiwa na Biblia mu mukono.

Ufanye nini na ile raha? Uiambie Mungu, kwa jina lake, bila kuipamba. Lakini usiende kuiungama kwa mama ya binti. Kuko Wakristo wanafikiri kila kitu ni lazima kisemwe kwa ule aliyetendewa, hapa apana, utamuumiza mara ya pili ili we upate kupumua. Yeye amekuita uone mujukuu, hajakuita usikilizwe.

Swali la pili, kama "msihukumu" maana yake ni kunyamaza. Apana. Mathayo 7:1 watu wote wanaijua, hata walevi wa kasiksi wanaijua, ukimuambia mutu aache kupiga bibi yake anakujibu "msihukumu". Ila soma mpaka mustari wa 5: "itoe kwanza ile boriti katika jicho lako mwenyewe, ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako". Kibanzi kinatoka. Yesu hakusema kila mutu abaki na takataka yake mu jicho. Na kutoa kitu mu jicho la mutu sharti umukaribie mpaka asikie pumzi yako, hakuna mutu anatoa kibanzi kwa mikrofoni. Ku mustari wa 15 wa sura ile ile anasema mujihazari na manabii wa uongo, mutawatambua kwa matunda yao, sasa utamutambua aje nabii wa uongo kama umefunga macho? Kupima mambo na kuita dhambi dhambi hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kukaa ku kiti cha hakimu na kukata neno la mwisho juu ya mutu mwenyewe, huyu ni wa bure, huyu ameisha. Paulo anauliza ku Warumi 14:4, "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" Ule binti iko na Bwana wake, na si we, na si komite.

Kuko fasi moja mu Biblia, kama ingekuwa ruhusa yangu, ningeiandika ku mulango wa kila chumba komite inakutanikaka. Walawi 19, mustari wa 15 mpaka wa 18. Watu wanajua 18 peke yake, "umpende jirani yako kama nafsi yako", juu Yesu alisema hiyo njo amri ya pili. Lakini hawaangaliaki imekaa kati ya nini na nini. Mustari wa 15 unakataza upendeleo mu hukumu, usimupendelee maskini na usimuheshimu mukubwa. Wa 16 unasema, "Usiende huku na huko kama mchongezi kati ya watu wako". Wa 17, "Usimchukie ndugu yako moyoni mwako; sharti umkemee jirani yako". Njo sasa inakuja 18, usilipize kisasi, usiweke kinyongo, umupende. Unaona vile imefwatana. Kukemea kumewekwa katikati, upande moja kuko kuchongea, upande ingine kuko kupenda. Mutu ambaye anakukemea uso kwa uso mukiwa wawili hana tena kazi ya kukuongelea nyuma, na mutu ambaye hana ujasiri wa kukuambia kitu ku macho yako atakipeleka tu kwa wengine, kitatoka mahali. Basi Mungu anaona kukemea ni kazi ya upendo, akaiweka mulango wa pembeni ya upendo, lakini sisi tumetoa mustari wa 17 mu Biblia yetu. Tunatoka 16 tunaenda moja kwa moja ku mahubiri.

Minakuuliza bila kukushitaki, juu barua yako haisemi: mu ile miezi yote, kuko mama hata moja wa korali alienda akakaa na ule binti akamuuliza, mwanangu, iko aje, nini ilikufikia? Mbele ya jina kusomwa? Yesu mwenyewe ku Mathayo 18:15 alisema uende "wewe na yeye peke yenu", hiyo njo hatua ya kwanza, kanisa yote inakuja ya mwisho kabisa, na inakuja tu kama mutu amekataa kusikia. Kwenu naona mulianza na ya mwisho. Na mu grupe ya WhatsApp ya korali, kama niko najua makorali, habari ilizunguka mapema sana kuliko siku ile ya kusoma jina, na ule binti alikuwa bado ndani ya grupe anasoma.

Halafu kuko swali hakuna mutu anauliza na linaniuma. Kuko mutu alimuuliza kama alikubali? Munasema "tunamujua kijana", sawa, kumujua kijana si kujua ile siku ilipita aje. Sisi watu wa Bukavu tungekuwa wa mwisho duniani kudhani mimba inajieleza yenyewe. Hospitali ya Panzi, ile inatunzaka wanamuke waliobakwa, iko hapa kwetu tangu 1999, chini ya CEPAC, kanisa ya Kipentekoste, na daktari wake Mukwege ambaye alipata Nobel ya amani mwaka 2018 ni mutoto wa muchungaji. Tunajua wanamuke wangapi walirudi ku familia yao na mutoto mu mugongo, wakapokelewa na maswali yenye miiba, badala ya kupokelewa na maji ya kuoga. Na kama ule binti hakukuwa bado na miaka 18 wakati ule, sheria ya Kongo ya 2006 juu ya jeuri ya kingono inamuhesabu mutoto, hata akisema alikubali, na hapo mambo yanatoka mu mikono ya komite, haiko tena kesi ya nidhamu ya kanisa. Sisemi njo vile ilikuwa. Nasema hamukuuliza.

Tuongee sasa juu ya Yusufu. Kila Noeli munaimba juu yake, na nadhani hii barua yako jibu lake liko kwake kuliko mahali pengine. Yusufu iko na muchumba, muchumba iko na mimba, mimba haiko yake, malaika bado hajakuja. Fikiri pale, mu ile siku kati ya kusikia habari na ndoto. Kwa macho yake Maria ametenda kosa, hana sababu ya kudhani kingine, na Kumbukumbu la Torati 22 inasema wazi binti aliyeposwa akilala na mutu mwingine mu muji wanapigwa mawe. Yusufu angeweza kusimama na sheria mu mukono na hakuna mutu angemulaumu. Mathayo 1:19 inasema: "Naye Yusufu, mumewe, kwa vile alivyokuwa mtu wa haki, asitake kumwaibisha, aliazimu kumwacha kwa siri." Soma tena. Haikusema alikuwa mutu wa haki lakini akamuhurumia, kama vile haki inamusukuma huku na huruma inamuvuta kule. Inasema alikuwa wa haki, na kutotaka kumuaibisha kunafwata pale pale. Tena alikuwa ameisha kuamua kumuacha, hakusema hakuna shida, hakujifanya hajaona. Alikuwa anaenda kufanya kile aliona ni lazima, ila bila kumuvua nguo mbele ya muji. Na kumbe habari aliyokuwa nayo haikuwa hata yote! Kama Yusufu angekuwa na haraka ya komite zetu, mama ya Bwana wetu angesomwa jina siku ya yenga.

Wenzako watakuletea 1 Wakorinto 5, nawajua, na wana haki ya kuileta. Paulo anaambia kanisa watoe mutu moja katikati yao, "mwovu". Lakini waambie wasome taratibu. Ule mutu alikuwa anaishi na bibi ya baba yake, jambo ambalo hata wapagani walilikataa, alikuwa anaendelea nalo, na kanisa ilikuwa inajivuna. Hakuwa mutu ameanguka na amekaa anamwanga machozi. Tena Paulo anahukumu mwanaume, juu ya adhabu ya mwanamuke hasemi hata neno moja, sisi kwetu imegeuka, mwanamuke anatoka na mwanaume anabaki anapiga gita. Na kusudi Paulo anaiandika, ni "ili roho iokolewe". Ile nidhamu ni ya kurudisha mutu. Halafu ku barua ya pili, sura ya 2, anaongea juu ya mutu aliyeadhibiwa, wasomaji wengi wa zamani walisema ni yule yule, wengine wanasema ni mwingine, lakini neno lake linabaki: adhabu ile inatosha, sasa "mmsamehe na kumfariji, mtu kama huyo asije akamezwa kwa huzuni yake ipitayo kiasi". Yenye kunishangaza ni kwamba watu wanaojua 1 Wakorinto 5 kwa kichwa hawajafikaka ku 2 Wakorinto 2. Nidhamu yao inajua mulango wa kutoka tu.

Woga wao mwingine, kwamba huruma itafungulia wabinti wengine njia, nao ni wa zamani sana. Unajua ile hadisi ya Yohana 8, mwanamuke aliyekamatwa mu uzinzi. Mu nakala za zamani zaidi za Injili ya Yohana haimo, Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4 haziko nayo, njo maana Biblia nyingi zinaiweka mu mabano, na wataalamu wanabishana iliingia aje. Agostino, ule askofu wa Hippo, kule Afrika ya kaskazini, aliandika kwamba kuko watu wa imani ndogo waliitoa mu vitabu vyao juu waliogopa bibi zao wasije wakaona kama wamepewa ruhusa ya kutenda dhambi. Zaidi ya miaka 1,600 imepita, na wanaume walikuwa wameisha kuogopa kile kile wenzako wanaogopa leo. Na mu hadisi yenyewe kuko kitu kinakosekana, watu wanakisoma miaka mingi bila kukiona: Walawi 20:10 inasema wazinzi wote wawili wahukumiwe, mwanaume na mwanamuke. Walimukamata "katika kitendo". Sasa mwanaume alikuwa wapi? Labda naye alikuwa mupiga gita, sijui. Yesu hakumuambia ule mama haukufanya kitu. Alimuambia "Wala mimi sikuhukumu. Enenda zako, wala usitende dhambi tena", na alisema neno la dhambi wakiwa wamebaki wawili, akiwa ameisha kusimama mbele ya mawe kwa ajili yake. Kwanza alizuia mawe.

Hapo njo unapata haki ya kukemea inatoka wapi. Wagalatia 6:1 inasema mutu akighafilika katika kosa, murudishe kwa roho ya upole, na mustari wa 2 pale pale, "mchukuliane mizigo". Mi naona zile mistari mbili haziwezi kutengwa. Ukitaka kujua kama neno lako kwa ule binti litakuwa upendo ao hukumu, usijiulize tu kama ni neno la kweli, hata Farisayo alisema kweli. Jiulize: mu mizigo yake minabeba gani? Kama jibu ni hakuna, funga mudomo kwanza, tafuta muzigo, ubebe, njo tutaongea.

Na muzigo uko, haiko wa kutafuta mbali. Egzeta hakufanya. Mutoto wa kunyonya atamuachia nani kama anarudi ku masomo? Nani atamulipia? Ule mama yake, ambaye alikuwa anavimba, leo anapita sokoni Kadutu namna gani? Korali yako iko na wamama wangapi, mukipanga zamu za kumukamatia mutoto asubuhi mbili tatu kwa juma, ile ni kazi kubwa kuliko mahubiri yote ya utakatifu mulisikia mwaka huu. Hapo mutu akikuuliza kama unaunga mukono dhambi, utamujibu naunga mukono mutoto amalize masomo.

Juu ya kwenda kwenyewe. Kuko baba moja wa jangwani, Misri, karne ya 4, jina lake Bessarion. Padri alifukuza ndugu moja mu kanisa juu ya dhambi. Bessarion akasimama, akatoka naye, akisema, "Mimi pia ni mwenye dhambi." Njo hadisi yote, haina sehemu ya pili. Angalia kile hakufanya: hakupigana na padri, hakusema ule ndugu anaonewa, hakusema dhambi si dhambi. Alitoka tu naye. We ukienda kuona ule mutoto unafanya kitu cha namna ile, na kama wenzako watasoma ile safari vibaya, hiyo ni kazi yao ya kusoma. Yesu naye walimusoma vibaya, wakamuita mulafi na mulevi, rafiki wa watoza ushuru, na hakupunguza meza hata moja juu ya lile.

Ukifika, fanya vile unafanyaka kwa mama yeyote aliyezaa. Sabuni, sukari, unga ya masoso kwa uji, kikwembe kama uwezo uko. Wakati bibi ya shemasi anazaa munaenda na nini? Peleka ile ile, usipunguze, watu wa nyumba wanajua kuhesabu. Nawa mikono, omba mutoto, mubebe mbele ya kuongea kitu kingine chochote, uliza jina lake. Usiseme "Mungu amekusamehe", si we unatangaza, na usiseme "hata hivyo mutoto ni baraka", ile "hata hivyo" inasikika. Usipige picha ya kuweka ku grupe. Usiende na wajumbe wanne wenye nyuso za kilio. Na usihubiri, juu zile nyumba zetu za Cimpunda na Nyamugo zimebanana, mutu akikohoa ku hii unamusikia ku ile, ukianza mafundisho pale umefanya kikao kingine cha komite.

Mambo ya dhambi yataongewa, siku ingine. Ule binti hajakosa habari kwamba ni dhambi, alisomewa mbele ya kanisa yote, nadhani anaijua kuliko wewe na mimi. Kile hajui ni kama kuko mutu bado anamutaka. Akishajua, iko siku ataanza yeye mwenyewe, labda akiwa anafua nguo za mutoto na we umekaa tu, na hapo umusikilize mpaka mwisho, kisha umuambie kweli yote bila kuipunguza. Kama ni wa kutubu atubu, kama ule kijana bado anamusumbua umuambie namna ya kukataa. Wazee wa Uamsho, ule ulianzia Gahini hapo Rwanda miaka ya 1930, walikuwa na desturi nzuri, mutu akisimama alianza na dhambi yake mwenyewe, si ya jirani. Sisi tumebakisha nyimbo zao.

Komite, usiipige vita. Omba kuonana na muchungaji peke yenu, umuulize mambo mawili tu. La kwanza: ule kijana mbona anapiga gita? Haiko kwa kutaka naye avunjwe, ila Walawi 19:15, kipimo kiwe kimoja, kama ni kutengwa watengwe wote, kama ni kutunzwa watunzwe wote, na ule kijana ajue iko na mutoto anataka maziwa na jina. La pili: hii nidhamu inaisha siku gani? Waandike tarehe. Nidhamu bila tarehe si nidhamu, ni kumutupa mutu kwa heshima. Ukijibiwa "tutaona", uliza tena kisha mwezi, kwa upole ule ule, uchoshe watu kama ule mujane wa Luka 18.

Na kuko mutego moja nataka uuone mapema. Ukitoka kule utarudi ku repetisyo na utawaangalia wenzako, na utasikia tena raha kidogo, ya kujiona we njo mama wa huruma na wale wengine wote ni Mafarisayo. Ni raha ile ile ya siku ya kwanza. Wale wamama wanaogopa, wengi wana mabinti wa miaka kumi na tano ku nyumba, hawalali, na kwao kumukataa huyu ni njia ya kulinda wa kwao. Usiwahubirie. Chagua yule aliyesema mingi zaidi, muambie, mama, siku ya posho, jumamosi, minapita kuona mutoto, tupite wote, we unabeba sukari mi nabeba sabuni. Akikubali vizuri. Akikataa, pita peke yako na usimutaje kwa mutu, na kesho yake umusalimie kama vile haukumuuliza kitu.

Kisha uniandikie muchungaji alikujibu nini juu ya mupiga gita.